Albamu ya Nne ya Radi Kavu

Chombo kinachoelea majini hakimwoneshi mtu misumari yake wala jasho la aliyekigongomea. Ndiyo maana tukaachiwa onyo kwamba ukiona vyaelea, vimeundwa: jambo linaloonekana jepesi limekula kazi ambayo mtazamaji hakuiona. Cheche aliijua methali hiyo tangu shuleni, na mtihani wake akaupasi. Kuiamini ndiko kulikomshinda.

Cheche alikuwa fundi wa kuchomelea milango, na baada ya kazi alikuwa shabiki kindakindaki wa Radi Kavu, bendi ya roki. Alizipenda albamu zao mbili za mwanzo, zile ambazo magitaa yalinguruma mpaka vikombe vikagongana kabatini. Albamu ya nne, yenye nyimbo laini, hakutaka hata kuisikia.

"Ile ni pop," alisema kila Jumamosi mashabiki walipojazana karakanani kubishana. "Wametupa ngurumo wakaokota asali. Nyimbo zile hata mtoto wa chekechea anazipiga huku anakula."

"Basi zipige wewe, kaka, tukusikie," alimjibu mdogo wake, mwalimu wa shule ya msingi mwenye sauti ya kumtoa nyoka pangoni. Karakana nzima ikaangua kicheko.

Ndugu hao wawili walikuwa na kikundi chao. Mwalimu aliimba, Cheche alipiga gitaa, na jirani yao mwoka mikate alipiga dramu. Mwaka huo Radi Kavu ilitangaza ziara yake ya mwisho, na klabu ya mashabiki ingechagua kikundi kimoja kifungue tamasha. Mwalimu alikuwa ameliota jukwaa hilo tangu akiwa na miaka tisa. Hapakuwa na mwaka mwingine wa kujaribu tena.

Nyimbo za shindano ziligawanywa kwa kura. Mwalimu alitumbukiza mkono kwenye kofia, akatoa "Dirisha Wazi", wimbo wa albamu ya nne.

"Hiyo ni kazi ya dakika tano," alisema Cheche, na kwa wiki mbili hakugusa gitaa.

Siku ya mazoezi aliumbuka. Katika wimbo ule gitaa hupiga noti nne, kisha hunyamaza mstari mzima. Kunyamaza ndiko Cheche asikokuweza. Kila alipokuta pengo alilijaza, na sauti ya mdogo wake ikazama humo.

"Kaka, niachie japo pa kupumulia!"

"Nikinyamaza, watu wataniona mvivu."

"Unga usipouacha ulale," alisema mwoka mikate, "utaoka tofali."

Cheche akanuna. Alisema kosa ni la wimbo, tena afadhali wajitoe. Mwalimu alimtazama huku machozi yakimlengalenga, akaondoka bila kuaga.

Kesho yake asubuhi mteja mmoja alifuata mlango wake. Aliupapasa juu hadi chini, akabetua midomo.

"Mbona kazi yenyewe ndogo, fundi? Mabomba manne na bati. Hata pa kuchomelea hapaonekani."

Cheche alipanda kama maziwa jikoni. "Hapaonekani kwa sababu nimevisaga viungo hivyo siku mbili! Anayeacha makovu ni mwanagenzi! Huo ulaini ndio kazi yenyewe, bwana!"

"Endelea, kaka," ilisikika sauti mlangoni. Mwalimu alikuwa amekuja kuchukua kipaza sauti chake. "Ulikuwa unasema nini kuhusu ulaini?"

Aibu ilimpanda Cheche mpaka masikioni, kisha akacheka, kwa kuwa hapakuwa na pa kujificha.

"Nisamehe, mdogo wangu," alisema. "Kamwite mwoka mikate."

Kuanzia jioni hiyo walifanya mazoezi kila siku. Cheche aligundua kuwa zile noti nne humjibu mwimbaji palepale anapovuta pumzi. Zikiwahi zinamkanyaga, zikichelewa zinamwacha peke yake. Vidole vyake vilivyozoea ngurumo vilisumbuka wiki tatu.

Siku ya shindano, wapenda ngurumo walikaa kushoto na wapenda asali kulia. Wimbo ulipotajwa, upande wa kushoto ukazomea, "Pop! Pop!" Cheche akapiga noti nne, akanyamaza. Katika ukimya ule sauti ya mdogo wake ilipanda peke yake, safi, ikaufikia ukuta wa nyuma. Kwenye kiitikio cha mwisho, wazomeaji wenyewe walikuwa wamesimama wakiimba. Matokeo yalipotangazwa, mwoka mikate alirusha vijiti vyake juu, na hadi leo kimoja hakijapatikana.

"Cheche, msaliti!" alifoka rafiki yake wa upande wa kushoto. "Kwani ile si pop?"

"Ni pop tupu," alijibu Cheche. "Na imenitoa jasho kuliko geti lolote nililowahi kulichomelea."

Mwezi uliofuata, mbele ya maelfu ya watu, na Radi Kavu wenyewe wakisikiliza kando ya jukwaa, mwalimu aliimba wimbo uleule kana kwamba ulimtoka bila taabu. Cheche, akiwa amenyamaza nyuma yake, alikuwa akihesabu kila pumzi yake na kutabasamu. Kijana mmoja wa mstari wa mbele akamgeukia mwenzake, akasema, "Wimbo huu mbona rahisi tu?" Cheche alimsikia, akainama kumjibu kabla ya noti nne zilizofuata:

"Ukiona vyaelea, mdogo wangu, vimeundwa."