Panawasha Wapi, Mama?

Wapendwa, kulikuwa na mama mmoja, mpiga kayamba wa kwaya. Mnawajua hao! Akisimama, hata mzee wa kanisa aliyesinzia anajikuta anapiga makofi. Basi mama huyu akapata saratani ya titi, akawa anakwenda hospitali kuchomwa dawa za mshipani.

Siku hiyo nesi akaja na gauni la plastiki, glavu na miwani, mkononi kashika bomba la dawa nyekundu kama juisi ya rosela.

"Mwanangu," mama akacheka, "wewe unaogopa hata tone lisikuguse, halafu mimi ndiyo unanimiminia ndani?"

Wodi nzima ikaangua kicheko. Nesi naye akacheka, ila kwanza akavuta damu kidogo, ahakikishe sindano imekaa vizuri. "Ikiwa ndani ya mshipa inatibu, mama. Ikivujia nje inaunguza nyama, na mkono unaweza usifanye kazi tena. Ndiyo maana siondoki hapa. Ukisikia panawasha, hata kidogo, niambie."

Akaanza kusukuma dawa taratibu, mama naye akaanzisha wimbo. Hajafika kwenye kiitikio, mkono ukaanza kuwaka.

"Panawasha, mama?"

"Bwana asifiwe, mwanangu, sina neno."

Hana neno? Analo! Lakini Jumapili iliyopita alisimama mbele ya kanisa akashuhudia kwamba haogopi kitu. Sasa leo alie kwa ajili ya sindano? Akatabasamu, akaendelea kuimba. Nesi lakini hakudanganyika na tabasamu. Aliona vidole vya miguu vimejikunja ndani ya kandambili. Papo hapo akasimamisha dawa, akaivuta ile iliyovuja, akaweka barafu, akamwita daktari.

"Nisamehe," mama akasema, machozi yanamtoka. "Nilidhani nikilalamika nitaonekana sina imani."

"Mama, sikukuuliza habari za imani. Nimekuuliza mkono."

Mkono ulipona, Mungu ni mwema! Kayamba linalia kila Jumapili. Na siku hizi nesi akimuuliza kama panawasha, mama anajibu wodi nzima isikie: "Mkono shwari, ila kiti chako kinaniumiza kiuno, na chai yenu haina sukari!"

Mnacheka. Chekeni tu. Lakini asubuhi hii nimewasalimia pale mlangoni, mmoja mmoja. Mmenijibuje? "Nzuri, mchungaji, tunamshukuru Mungu." Wote! Hivi kweli, kanisa zima hili, hakuna panapowasha? Na sisi tunaosalimia, tunangoja jibu, au tunauliza habari huku tumeshaanza kuondoka? Yule nesi aliuliza, akabaki, akatazama mpaka miguuni.

Haya, mgeukie jirani yako. Leo usimwambie Bwana asifiwe. Mwulize panawasha wapi, kisha ukae hapo hapo mpaka akujibu.