Kiti cha Bi Kidawa na Jina la Sheria

Sogeeni karibu. Hadithi hii nitawafungulia mlango wa kuingilia. Wa kutokea mtautafuta wenyewe.

Katika mji wa Mzambarauni aliishi Bi Kidawa, msusi wa mikeka mwenye viganja vipana kama sahani. Alikuwa na wajukuu watatu. Mwanaheri hakupoteza kitu: hata salamu aliyotumiwa kwa simu mwaka juzi bado alikuwa nayo. Mbwana alikuwa na ulimi wa kumchekesha mtu aliyenuna. Chausiku, mdogo wao, alijua kuuliza, na aliyeulizwa alijikuta akijibu jambo ambalo hajawahi kulifikiria.

Miguu ya Bi Kidawa ilipogoma, kilichomuuma zaidi ni kumkosa dada yake, Bi Mwatime, aliyekaa upande wa pili wa mji na ambaye naye hakuweza kutoka. Basi akampigia simu Mzee Faraji, muuza viti, akaagiza kiti cha magurudumu.

"Upana wake shubiri mbili," alisema.

Kiti kilipoletwa, lilienea paja lake moja tu.

"Nimeletewa cha mwanasesere!"

Kumbe Mzee Faraji alipima kwa kiganja chake, na yeye Mungu alimjalia vidole vya kitoto. Hakuna aliyesema uongo.

Lakini kukirudisha hakuwezekani. Mzee Faraji mwenyewe alikuja kueleza, kofia mkononi. "Sikatai kwa ubaya, bi mkubwa. Kwa Sheria ya Shomari, wewe hukuagiza kitu."

Katika mji ule kila sheria huitwa kwa jina la aliyeileta. Marehemu Shomari alikuwa mtu mwema. Aliona wachuuzi wakiwabwagia watu bidhaa mlangoni na kudai kuwa ziliagizwa, akaomba baraza la mji liamue: agizo ni lile ambalo mnunuzi amefika dukani akalitia sahihi mbele ya muuzaji, na ni huyo tu mwenye haki ya kurudisha kitu. Sheria ile iliwalinda wengi. Tatizo ni kwamba siku zile simu hazikuwapo.

"Faraji," alisema Bi Kidawa, "ningekuwa na miguu ya kuja dukani kutia sahihi, ningetaka kiti cha nini?"

Mzee Faraji akavaa kofia yake, akaaga.

Wajukuu wakaenda barazani kuomba sheria mpya. Wajumbe walipouliza agizo liko wapi, Mwanaheri alitoa simu ya bibi yake, ambayo yeye ndiye aliyeiwekea namna ya kuhifadhi mazungumzo. Ukumbi mzima ukasikia sauti ya bibi, kisha ya Mzee Faraji: "Nimekupata, shubiri mbili." Mwanaheri akauliza, "Kama hili si agizo, ni nini?" Bila yeye pasingekuwa na la kujadili.

Wenye maduka wakaja juu. "Leo mtu ataagiza kwa simu, kesho atakana!" Wakainuka watoke. Hapo Mbwana akajibana ndani ya kile kiti kidogo, magoti yakamfika masikioni, akajisukuma hadi mlangoni na kuuziba. "Nipisheni wazee, naenda kuoa! Bibi harusi kasema hataki mwenye miguu mirefu." Mzee Faraji ndiye aliyecheka wa kwanza. Wote wakarudi kukaa. Bila Mbwana baraza lingevunjika.

Wakakaa, lakini hofu yao walikaa nayo. Ndipo Chausiku akamgeukia muuza viti. "Babu, mtu akija dukani, humfanyia nini kabla hajatia sahihi?"

"Namwonyesha kitu. Namtajia vipimo. Namuuliza, ndicho hiki?"

"Katika hayo, lipi halifanyiki kwa simu?"

Mzee Faraji akafikiri. "Hakuna," alisema taratibu.

Na hivyo ndivyo sheria ilivyoandikwa: agizo la simu ni agizo, mradi muuzaji aonyeshe picha na vipimo vya futikamba, mnunuzi ajibu kuwa amekubali, na jibu libaki kwa wote wawili. Kikija kisicho chenyewe, hurudi. Bila swali la Chausiku, wangebishana hadi leo.

Mzee Faraji alileta kiti kipya, futikamba shingoni, akanywa na kahawa. Ikabaki safari ya kwenda kwa Bi Mwatime, na jina la sheria. Baraza lilimtaka Bi Kidawa ataje mtu mmoja, ambaye jina lake litatamkwa kila mtu atakapoagiza hata chupa ya chai.

"Usihangaike, Bibi," alisema Mbwana. "Una mume mmoja tu hapa."

"Mume mwenyewe si ndiye aliyekwama kitini, akavutwa na watu wanne?"

Wakacheka. Lakini Bi Kidawa aliona Mwanaheri akifutafuta simu iliyokuwa safi tayari. Aliona Mbwana amecheka kupita kiasi. Na Chausiku, kwa mara ya kwanza maishani, hakuuliza kitu.

Wakatoka. Kiti kilikuwa na vishikio viwili, na mikono iliyogombania kukisukuma ilikuwa sita. Bi Mwatime alikuwa amekwisha kuwekwa kwenye kibaraza cha nyumba yake, akipunga mtandio. Pembeni yake alisimama mjumbe wa baraza, kalamu tayari.

"Karibu, Bi Kidawa. Jina?"

Bi Kidawa aliushika mkono wa dada yake, akawageukia wale watatu waliokuwa wakihema nyuma yake, akafungua kinywa.

Je, ungekuwa wewe uliyeketi kwenye kiti kile, ungemtaja nani?