Saa Nane ya Bwana Kiboko

Paukwa!

— Pakawa!

Pakawa nini?

— Pakawa pamba, pakawa uzi. Mwenye kusokota yu uchi, mwenye kulala ana kanzu.

Nyinyi wa nyuma mmemeza sauti? Haya, sikilizeni, maana mimi sirudii.

Hapo kale palikuwa na Kiboko mwenye kiwanda cha nguo kando ya mto. Wengine husema kiwanda hicho kilikuwa Marekani, ndiyo sababu kitambaa chake kikaitwa merikani. Mimi Marekani sikufika, nauli sina. Ninachokijua ni mlio wa mashine zake: taka-taka-tak, taka-taka-tak, tangu jua linapochomoza hadi saa tatu usiku.

Punda alichochea moto wa mashine. Nyani alisokota uzi. Kobe alipiga king'ora. Na Pimbi mmoja mwembamba, aliyeitwa Mama Tunu, alitambaa chini ya mashine kuokota pamba iliyoanguka, kwa kuwa hakuna mwingine aliyeweza kupita pale. Bwana Kiboko mwenyewe mchana kutwa alilala mtoni, pua nje, akisikiliza. Taka-taka-tak ikiendelea, anakoroma. Ikinyamaza, anakuja na mjeledi. Jua likizama ndipo hutoka kula majani, maana kiboko mchana wake ni usiku.

Mama Tunu alikuwa na mtoto mmoja, Tunu, aliyeachwa kwa bibi yake. Mama aliondoka mtoto amelala, akarudi mtoto amelala. Siku moja Tunu aliumwa tumbo, akaamka usiku, akamwona mama yake mlangoni, akapiga kelele: "Bibi, kuna mtu ndani!" Mama Tunu hakulia mbele yake. Alikwenda kulilia jikoni.

Kesho yake aliwaambia wenzake, wakila muhogo, "Mtoto wangu hanijui. Hii si kazi, ni kuzikwa mzima."

"Tukamwombe Bwana tupumzike kidogo," akasema Punda.

Punda akaenda, akaomba, akainama hadi masikio yakagusa udongo. Kiboko akamjibu kwa kiboko. Punda akarudi na mistari mgongoni.

"Tumtume nani tena?" akauliza Nyani, huku akiangalia pembeni.

"Naenda mwenyewe," akasema Mama Tunu. "Sisi pimbi tulikosa mkia siku mikia ilipogawiwa, kwa kutuma watu badala ya kwenda wenyewe. Nami siombi kupumzika. Naomba saa nane."

Wakamwelewa. Kwetu saa huhesabiwa tangu jua linapochomoza. Ukianza kazi na jua, ukatoka saa nane, umefanya kazi saa nane. Hesabu hiyo haina ubishi, labda kwa anayelala mchana.

Jioni Kiboko akatoka mtoni, maji yakimchuruzika, chururu chururu.

"Shikamoo, Bwana."

"Marahaba. Na wewe unataka kupumzika?"

"Hapana, Bwana. Kiboko ulichompa Punda kimetufundisha mengi. Sasa sote tunataka kazi hadi saa nane."

Kiboko akafungua kinywa, akasahau kukifunga. Hawa hutoka saa tatu, akawaza. Nne, tano, sita, saba, nane. "Wote mnataka?"

"Wasikilize wenyewe."

Kiwandani Nyani aligonga ndoo, kong, kong, na wote wakaitikia: "Saa nane! Saa nane!"

"Na chakula cha ziada hamtaki?"

"Hatutaki, Bwana. Tunachoogopa ni kwamba utabadili neno."

Kiboko akacheka hadi tumbo likatikisika. Maisha yake yote, saa nane aliyoiona macho yake yakiwa wazi ilikuwa ile ya usiku tu, kwa hiyo hakuuliza ni ipi. Akanguruma ili kila mtu asikie: "Naapa kwa mto huu, kuanzia kesho kazi ni hadi saa nane. Nikivunja neno langu, maji yanikatae."

"Amina," akasema Mama Tunu.

Siku ya pili, taka-taka-tak, taka-taka-tak. Jua likapanda, likapinduka. Kobe, ambaye hajawahi kukimbilia jambo lolote, akakimbilia king'ora. Vuuuuu! Taka... taka... tak. Kimya.

Mtoni macho mawili yakafunguka. Kiboko akatoka mbio, na jua kali likamtua mgongoni. "Nani amezima mashine zangu?"

"Ni saa nane, Bwana."

"Nilisema saa nane ya usiku."

"Usiku?" Mama Tunu akageuka. "Kobe, ulimsikia Bwana akitaja usiku?"

"Mimi husikia polepole," akasema Kobe. "Lakini huo usiku bado haujanifikia."

Kiboko akainua mjeledi. Punda, mgongo wake ungali unauma, akasimama mbele ya Mama Tunu. Nyani akasimama kando ya Punda. Kobe akajivuta akafika. Kisha wakaja wafumaji, wakaja watia rangi, wakasimama bega kwa bega. Mjeledi ulikuwa mmoja na migongo ilikuwa mingi. Mama Tunu hakusogea.

Jua likazidi kuchoma. Ngozi ya Kiboko ikaanza kupasuka. Akautazama mto, akakikumbuka kiapo chake.

"Nendeni," akasema kwa sauti ndogo, akajitupa majini, chubwi! Maji yakampokea.

Ng'ambo ya mto, wafanyakazi wa kiwanda cha Fisi walisikia ule ukimya, wakauliza kuna nini. Wakaambiwa. Kesho yake Fisi aliamshwa na mlio wa ndoo.

Mama Tunu alikimbia hadi nyumbani. Tunu alikuwa uani akifinyanga udongo. Bibi akamnong'oneza, naye akamtazama mgeni wake kwa muda mrefu, akasogea, akamgusa uso.

"Mama, kumbe una madoa puani."

"Ninayo."

"Na mimi ninayo?"

Mama Tunu akamwinua, akamgeuzia juani amwone vizuri. Naye hakuwa amewahi kuyaona.

"Unayo, mwanangu," akasema, na safari hii alilia mbele yake.

Na funzo je? Funzo, watoto wazuri, ni kwamba mdogo asibishane na mkubwa, na mfanyakazi mwema hahesabu saa. Msinikodolee macho, si maneno yangu. Ndivyo Kiboko anavyowafundisha wanawe huko majini, na kila akifundisha, wanamuuliza kwa nini basi kiwanda kimenyamaza.

Hadithi yangu naitua hapa. Ikiwa tamu, gawaneni. Ikiwa chungu, niachieni niimalize mwenyewe.