Raya Alipokaribishwa Mwambani

Paukwa!
—Pakawa!
Pakawa nini?
—Tuambie wewe, bibi!

Pakawa maji, pakawa nchi kavu, na katikati pakawa watu wasiojua kunyamaza. Sogeeni. Na wewe unayetafuna muhogo, tafuna polepole, nisije nikadhani kuna mtu nyuma yangu.

Hapo kale, katika mji wa Chokaani, palikuwa na sikukuu ya kiangazi. Haikuwa ya harusi, haikuwa ya jando, haikuwa ya mavuno. Ilikuwa sikukuu ya kufungua mwamba. Miezi yote ya mvua mwamba ulifungwa. Hakuna kuchokoa, hakuna kukanyaga, pweza waachwe wakue. Jua la kaskazi likishakolea, bamvua likaja, maji yakapwa mpaka kule mbali yanakovunjika mawimbi, ngoma ilipigwa na wanawake wote wakashuka na fimbo zao. Aliyetoka na pweza mkubwa kuliko wote aliimbwa jina lake mwaka mzima, kisimani, jikoni na harusini. Nani asiyetaka kuimbwa? Mimi mwenyewe ningetaka.

Lakini palikuwa na desturi. Mlango wa pweza unaujua kwa magamba ya kome na kaa aliyoyatupa nje baada ya kula. Ukiuona, huingizi fimbo hivi hivi. Unainama kwanza.
"Hodi!" Kimya.
"Hodi!" Kimya.
"Hodi!" Kimya.
Ndipo unachokoa. Kimya ndiyo ruhusa. Na ukijibiwa? Ukisikia "karibu", unaacha pweza wako wote pale pale, unageuka, unaondoka. Hujibu neno.

Haya, semeni kweli. Mtu akukaribishe kwake, nawe umpe mgongo. Mngeweza?
—Hatuwezi, bibi!
Basi hata Raya hakuweza.

Raya na Mize walikuwa watoto wa Bi Mkasi. Mize ndiye mkubwa, mkali, ulimi wake haupumziki. Raya ndiye mdogo, mwenye adabu mpaka anakera. Mbuzi akimpisha njiani, atamshukuru. Mama yao aliwalea peke yake, na siku ile hakushuka mwambani. Alibaki uani kwake akikuna nazi za kupikia pweza.

Wakashuka. Jua la mchana linachoma utosi, mwamba mweupe unaumiza macho. Mize akapata pweza, akapata mwingine. Raya hakupata kitu. Akasogea mbele, akasogea tena, akafika pasipofikiwa na wenziwe. Pale akaona mlango wenye rundo kubwa nje. Lakini halikuwa rundo la magamba. Zilikuwa bangili, vipini vya pua na vitana vya nywele, vyote vimeota kijani.

Mtu mwingine angekimbia. Raya akainama.
"Hodi!" Kimya.
"Hodi!" Kimya.
"Hodi!"
"Karibu, mwanangu," sauti ikajibu, laini, ya mtu mzima. "Mbona umesimama juani? Ingia ndani, kuna kivuli."

Mize aliisikia kwa mbali. Akapiga kelele, "Raya, usijibu!" Lakini Raya alikwisha kujibu, "Ahsante, nakuja."

Tundu lile ngumi yangu haipiti. Mize aliona kwa macho yake nyayo za mdogo wake zikiishia ndani. Kabla hajapiga hatua, Raya akatoka tena. Yuko wima, anatabasamu, na mkononi ana pweza ambaye mikono yake inaburura chini.

"Umenitisha!" Mize akasema. "Nani kakukaribisha?"
"Hakuna mtu," Raya akasema. "Twende wakaniimbe."

Mize akafurahi. Nani asingefurahi? Wakarudi pwani wakifuatana. Yangeyange walikuwa wametapakaa mwambani wakidona samaki. Raya alipopita, wote wakaruka. Mize akasema moyoni, labda ni kelele za ngoma.

Wakafika mchangani. Kaa wakatoka mashimoni mwao, wakajipanga huku na huku, wakanyamaza mpaka Raya apite. Mize akasema moyoni, labda ni harufu ya pweza.

Wakafika uwanjani. Wanawake wakapiga vigelegele. Raya akaketishwa kwenye mkeka mpya, mkeka wa mistari myekundu na myeusi. Bi Somo, mwenye kuongoza ngoma, akaanza kuimba jina lake. Mize akakaa karibu. Akamtazama mdogo wake shingoni. Na pale shingoni, taratibu, ikaanza kutokea mistari. Mwekundu. Mweusi. Mwekundu. Mweusi. Ngozi ilikuwa inaufuata mkeka, na macho hayapepesi.

Pweza hufanya hivyo. Akilala juu ya jiwe huwa jiwe, akilala majanini huwa majani. Mize alilijua hilo tangu utotoni.

Akainuka, akarudi mwambani mbio. Maji yameanza kurudi. Yalimfika magoti. Akainama penye lile tundu.

"Raya!"
"Dada," sauti ikatoka chini, ndogo. "Afadhali umekuja. Mwenye nyumba katoka, kaniambia nimngoje."
"Toka sasa hivi!"
"Mlango siuoni, dada. Kila nikigeuka ni ukuta. Hajaniaga. Na maji yanaingia."

Mize akachokoa, fimbo ikavunjika. Akachimba kwa mikono, kucha zikang'oka. Akalia. Maji yakamfika kiunoni. Ndipo akalikumbuka neno la mdogo wake: hajaniaga. Kumbe kilichomfunga Raya mle ndani ni adabu. Aliingia kwa kukaribishwa, hatoki mpaka aagwe. Na mwenye kuaga yuko uwanjani anaimbwa.

Akarudi mbio. Akaingia katikati ya ngoma, kanga inachuruzika, akajishika kiuno.
"Simamisheni! Jamani, nina mashitaka. Huyu mnayemwimba ana mgeni nyumbani kwake."
Ngoma ikanyamaza. Kile kitu kikamtazama.
"Kamkaribisha mwenyewe," Mize akaendelea. "Kisha kamwacha peke yake, bila maji ya kunywa, bila mkeka wa kukalia, yeye kaja zake ngomani. Mgeni anataka kwenda kwao, hana wa kumuaga. Hivyo ndivyo mlivyofundwa Chokaani?"

Lo! Mngewaona wanawake wale. Wangeweza kusamehe wizi, lakini si hilo.
"Raya!" Bi Somo akasema. "Una mgeni na umemtupa? Wewe, tunayekusifu kwa adabu?"
"Aibu!" wakasema wengine. "Muage! Muage mgeni wako!"

Kile kitu kikageuza kichwa huku, kikageuza huko. Kilitaka kuwa mtu, kilitaka kuimbwa. Na watu wote wanakingoja. Shingo ikawa nyekundu, ikawa nyeusi, ikawa rangi ya mchanga. Mwishowe kikafungua kinywa cha Raya, na sauti iliyotoka ilikuwa ile ya mwambani, ya mtu mzima:
"Mgeni wangu, nenda kwenu salama."

Mize hakungoja zaidi. Akakimbia. Maji yakamfika magoti, yakamfika kiunoni, yakamfika kifuani. Akamwona Raya amesimama juu ya mwamba, maji shingoni, anatetemeka. Akamshika mkono. Mkono ulikuwa wa moto, mkono wa mtu. Mize akambusu kiganja akilia kwa sauti, yeye asiyelia mbele ya watu.

Walipopita uwanjani hapakuwa na ngoma. Wanawake walikuwa wamesimama kuuzunguka mkeka. Juu ya mkeka palikuwa na kanga kama ile ya Raya, imelowa, na ndani yake hamna mtu. Bi Somo akamtazama Raya aliye mikononi mwa dada yake. Akaitazama kanga. Akarudi nyuma.

Mize akampeleka mdogo wake nyumbani. Akafunga mlango, akatia komeo. Kule uani mama yao alikuwa anakuna nazi, anajiimbia, hana habari ya lolote. Mize akamkausha Raya nywele, akamfunika, akamkalisha. Moyo ukaanza kutulia.

"Mdogo wangu," akauliza, "ulisikia ulipoagwa?"
"Nilisikia. Aliniambia nende kwetu salama. Na ukuta ukafunguka."
"Alhamdulillahi."
"Nikamjibu, dada. Ningeondokaje bila kumjibu?"
Mkono wa Mize ukasimama. "Ulimjibu nini?"
"Nilivyofundishwa," Raya akasema. "Nilimwambia, nashukuru sana, na wewe karibu kwetu."



Nje jua bado linawaka. Jogoo hawiki, mbuzi halii. Kisha wakasikia, mlango wa mbele:
"Hodi!"
Mize akamziba mdogo wake kinywa. Kimya.
"Hodi!"
Akaanza kunyata kuelekea uani, amwahi mama kabla hajaitika. Kimya.
"Hodi!"
Na sauti ile, enyi watu, ilikuwa sauti ya Raya.

Mize alikuwa bado hatua moja. Bi Mkasi akaweka chini nazi yake, akafuta mikono, akaitika kwa furaha, mpaka majirani wakasikia:
"Karibu! Karibu ndani, mwanangu!"

Na komeo likateremka lenyewe.

Ngano yangu ni hiyo, na hapo ndipo mdomo wangu unapokoma. Wa kulala akalale, wa kuogopa amshike mwenziwe. Ikiwapendeza, ni yenu. Isipowapendeza, mimi nilipewa hivyo hivyo na bibi yangu, kamlaumuni yeye.