Jina la Mtoto wa Tupokigwe

Sogeeni karibu. Nina shauri limenishinda, labda ninyi mtaliweza.

Kwenye mashamba ya chai waliishi watu watatu. Anyosisye, muuguzi wa zahanati, alikuwa na kipaji cha kuuliza. Subilaga, mjane mwenye kishamba huko mlimani, alikuwa na mkono wa kuotesha. Ambakisye, msimamizi wa wachumaji, hakuwa na la ajabu, ila akitamka neno halirudishi.

Mchumaji mmoja, Tupokigwe, alikuwa na mimba ya tatu. Mbili za kwanza ziliharibika. Safari hii, mwezi wa nne, alianguka katikati ya michai, midomo imempauka, akapelekwa zahanati.

"Damu yako ni kidogo mno, mwanangu," Anyosisye akamwambia. "Unakula nini?"

"Ugali."

"Na nini?"

Tupokigwe akainama. "Na chai."

Anyosisye alimpa vidonge, akamwonya asinywe chai pamoja na chakula, maana huzuia chakula kuongeza damu. Angeweza kuishia hapo. Lakini jioni alimfuata kwenye kambi ya wachumaji, akapita nyumba hadi nyumba akiomba kufunua sufuria. Kila sufuria ilikuwa na ugali wa sembe, basi. Chai ilipandwa mpaka karibu na kuta. Kanuni ya shamba ilikataza kupanda kingine chochote, na duka la kambini liliuza unga, sukari na biskuti tu. Akapeleka habari kwa meneja wa shamba. Meneja akamwambia arudi kwenye sindano zake. Hakunyamaza, kila aliyekuja zahanati alimweleza.

Subilaga alikuwa mmoja wao. Maharage yake yalikuwa yakipelekwa mjini kuuzwa kila wiki. Wiki ile hayakwenda. Akawa anateremka na maharage, majani ya maboga na mayai, anapika, anakaa pale pale mpaka Tupokigwe amalize.

"Bibi, na wewe utakula nini?"

"Kula kwanza. Maswali baadaye."

Akawagawia na wanawake wengine mbegu, wakapanda mboga kwa siri nyuma ya nyumba. Ikawa heri, maana mimba ilipofika mwezi wa saba mvua ilibomoa njia ya mlimani, na Subilaga hakuweza tena kushuka. Mboga zile ndizo zikamlisha Tupokigwe.

Meneja akaziona.

"Ng'oa zote," akamwamuru Ambakisye.

Ambakisye akatazama mchicha, akamtazama Tupokigwe aliyesimama mlangoni ameshika tumbo. "Sing'oi."

"Basi huna kazi."

"Sawa. Lakini sing'oi."

Akaondoka siku hiyo hiyo na godoro lake kichwani. Asubuhi yake hakuna mchumaji aliyebeba kikapu. Siku ya tatu meneja akakubali: kila nyumba ipate kipande cha kupanda chakula. Ambakisye hakurudishwa kazini.

Tupokigwe akajifungua salama mtoto wa kike, mnene, mwenye sauti ya kusikika kambi nzima. Wale watatu wakaja kumwona.

"Nataka aitwe jina la aliyemletea uhai," Tupokigwe akasema. "Na jina ni moja."

"Mpe la Ambakisye," Subilaga akasema. "Mimi shamba langu bado ninalo. Yeye kazi hana."

"Bila muuguzi, mboga zile ningeziona ni magugu," Ambakisye akajibu, "ningeng'oa."

Anyosisye akatikisa kichwa. "Mimi nilifunua sufuria tu. Aliyezijaza ni Subilaga."

Tupokigwe akamkumbatia mwanawe, machozi yakimtoka, akashindwa kuchagua. Kadi ya kliniki bado haina jina, na kesho mtoto anapelekwa kupimwa.

Mmoja aliuona ugonjwa ulikotoka. Mmoja alijinyima akalisha. Mmoja alipoteza kazi ili mboga zibaki. Je, wewe ungeamua vipi?