Kichachu Aonja Kwanza

Wenye masikio!
— Tupo nayo!
Wenye matumbo?
— Tumekuja nayo, tena matupu!

Tulieni basi. Tumboni mwa Ndama aliishi Kichachu, mdudu mdogo wa maziwa mgando. Mdogo mno, hata kiroboto angemkanyaga asijue. Wanawe walijipanga kwenye ukuta wa utumbo kama dagaa juani.

Siku moja Ndama akanywa maji ya dimbwi. Gubu! Gubu! Akaingia Fukuto, dudu la mzoga, nene, mikia kibao. Fukuto akala asubuhi, akala mchana, akala jioni. Ndama akaharisha, chwaa! Akaharisha tena, chwaa! Mafuriko yakaanza kuwazoa watoto wa Kichachu.

"Mama, tunakwenda!"

"Shikaneni mikono!"

"Mama, mikono hatuna!"

Kichachu akaona: Ndama akifa, na sisi tumekwisha. Nguvu hana. Ila ana jasho, jasho kali, ambalo yeye na wanawe wamelizoea tangu kuzaliwa. Akalikamua, to, to, to, kibuyu kikajaa. Akapiga hodi.

"Shikamoo, mzee mnene."

"Marahaba, wee punje. Umeleta nini?"

"Togwa ya mgeni."

Fukuto akacheka mpaka mikia ikasokotana. "Mimi mjinga? Mwenyeji huonja kwanza!"

"Kweli mzee umelelewa." Kichachu akapiga funda, gubu. Akajipangusa. Akakata na kiuno kidogo. "Niongeze?"

"Koma! Utanimalizia!" Fukuto akapokonya kibuyu, akanywa, akanywa, akalamba mpaka kitako.

Mara: pwii.

"Punje, mbona nasikia upepo?"

"Ngozi imetoboka, mzee."

Pwii, pwii! "Mbona wewe huvuji?"

"Jasho langu mwenyewe linitoboe?"

"Jasho? Nimekunywa jasho?"

"Na kibuyu umelamba."

Fukuto alitaka kutukana, lakini hata tusi likamvuja. Akasinyaa, akalegea, akaenda na maji.

Ndama akasimama. Akayumba, akasimama tena, akamkimbilia mamaye. Maziwa ya moto yakashuka, na watoto waliosalia wakashangilia: mmoja akawa wawili, wawili wakawa wanne, ukuta ukajaa kelele.

Funzo, wapenzi: ukikaribishwa, usinywe kitu kabla mwenyeji hajaonja. Fukuto aliishika adabu hiyo, na tangu siku ile hajaugua tena.

Hadithi yangu imeshuka salama. Ikikukwama, shushia mtindi.