Kupe Aliyemnyamazisha Shashi

Paukwa!

Pakawa!

Pakawa na nani?

Pakawa na dume la nyati, shingo nene, tamaa nene zaidi. Pakawa na kupe, hafiki hata punje ya mtama. Haya, sogeeni.

Mgongoni kwa Bwana Mbogo alikaa Shashi, ndege mlinzi. Kazi yake ilikuwa moja: akiona kupe, alie "Chwi! Chwi!" ndugu zake waje wamdonoe. Kila asubuhi Bi Sikitu, mke mdogo wa Mbogo, alimwambia, "Tulinde, mwanangu. Mwaka huu nataka ndama."

Lakini Mbogo hatosheki huyo! Akavuka mto, akaenda kwa jike wa kundi jingine. Akarudi anatembea kwa maringo, na huku chini, katikati ya mapaja, Kupe amejibanza.

Shashi akamwona. Akafungua mdomo. "Chw..."

"Shii!" akasema Kupe. "Kaka, ukilia, kundi zima litauliza nimetoka wapi. Bwana wako atajibu nini?"

Mbogo akasikia, aibu ikamshika. "Funga mdomo, wewe! Huyo mgeni wangu."

Shashi akafunga.

Kesho yake kupe wakawa kumi. Shashi akafungua mdomo. "Shii!" Akafunga. Keshokutwa wakawa mia. "Shii!" Akafunga. Hata ndugu zake walipouliza kuna nini, yeye mwenyewe akawaambia, "Hamna kitu, tulieni."

Kupe wakahamia kwa Bi Sikitu, wakajificha pale mimba inapotungwa, wakala polepole, nya, nya, nya. Bi Sikitu hakuumwa, hakuwashwa, hakujua. Akasubiri ndama. Masika yakapita, hakuna ndama. Yakapita mengine. Ndani mlishabaki makovu matupu, na mimi naumia kuyasema.

"Tasa huyu," Mbogo akaliambia kundi. "Aondoke."

Bi Sikitu akamgeukia Shashi. "Mwanangu, wewe ndiye mlinzi. Uliona nini?"

Shashi akafungua mdomo. Safari hii hakuna aliyemkataza. Akajikamua, akajikamua, shingo ikamtetemeka. Ikatoka sauti moja tu.

"Shii."

Bi Sikitu akaondoka peke yake.

Hadithi yangu naitua hapa; aliyeionja chungu asinirudishie. Na funzo lake, watoto wazuri, ni adabu: wageni wa wakubwa waheshimiwe, na mlinzi mwema hapigi kelele. Mbogo ameshaoa mwingine. Kupe hajambo, anawasalimu.